Kiangazi, Watoto Wetu na Jiwe la Mugere



 

Ndugu wazazi, kila ukiingia mwezi wa Julai naulizwa swali lile lile msikitini na sokoni: "Ustadhi, likizo kubwa imeanza, watoto wako nyumbani kutwa, tufanye nao nini?" Mji wetu wa Rumonge ni mdogo. Tuna ziwa, tuna michikichi na mawese yake, na tuna barabara inayopanda kaskazini kwenda Bujumbura na kushuka kusini kwenda Nyanza-Lac. Mzazi akitazama anaona hakuna pa kumpeleka mtoto, basi mtoto anaachwa barazani na simu ya kaka yake.

Katika makala haya nataka kueleza kwamba pa kwenda papo, tena ni karibu. Pia nataka kusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe siku nilipowatembeza watoto wa chuo chetu, kwa sababu lilinifunza kuwa matembezi ya kiangazi yanaweza kufungua maswali ambayo sisi wakubwa tumeyafunika miaka mingi.

KWA NINI HATUKUZOEA KUTEMBEA NA WATOTO

Kuna wanaosema kuwatembeza watoto ni mambo ya Wazungu. Hilo si kweli. Mwenyezi Mungu katika Qur'ani ametuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Na Mtume wetu (S.A.W), pamoja na mzigo wote wa Umma, alikuwa na nafasi ya kumtania Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, na kumuuliza habari za kindege chake kilichokufa. Aliyeweza kusimama kwa ajili ya ndege wa mtoto hakuona kuwa kukaa na watoto ni kupoteza wakati.

Ila ni kweli kwamba sisi wa huku hatukuzoea, na sababu zake ni za kihistoria. Wajerumani waliweka kambi yao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1916 Wabelgiji wakawatoa. Chini ya serikali hizo Jumapili ikawa ndiyo siku ya mapumziko, na zama za Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa. Wazee wetu wengi waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa, wakawaacha wasome chuoni tu. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 watoto wa Kiislamu wakaanza kuingia shuleni kwa wingi zaidi, lakini hapo wiki yao ikajaa: siku tano za shule, na Jumamosi na Jumapili ni za chuo. Siku ya matembezi ikabaki Idi peke yake.

Kisha vikaja vita vilivyoanza mwaka 1993 na kuendelea zaidi ya miaka kumi. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa chuo. Hakuna mzazi aliyewaza kumpeleka mtoto matembezini, maana barabara ilikuwa ya hofu na safari tuliyoijua ni ya kukimbia. Watoto wa zama zile ndio akina baba na akina mama wa leo. Mtu hawezi kumpa mtoto wake kitu ambacho yeye hakukiona, mpaka akae akifikirie.

Kwa hiyo kiangazi ndiyo nafasi yetu. Mvua zimekatika, barabara ni kavu, shule zimefungwa, na madarasa ya chuo yanaweza kupunguzwa siku moja bila hasara.

MATEMBEZI YA KWANZA: UFUKWENI

Nilianza na ziwa, kwa kuwa halina nauli. Tulikwenda alasiri ya Jumamosi, baada ya watu kumaliza kazi za jamii za asubuhi na sisi kuswali Adhuhuri. Watoto walikuwa kumi na sita, kuanzia miaka sita hadi kumi. Tulikaa kivulini, tukala maandazi na karanga, nikawauliza: "Nani anajua ziwa hili lina kina gani?" Mmoja akasema mita mia moja, mwingine akasema halina mwisho. Nikawaambia kina chake ni kiasi cha mita 1,470, na kwamba hakuna ziwa lenye kina kirefu zaidi Afrika nzima. Duniani linapitwa na Baikal la Urusi tu. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na linagusa nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Samaki tunayemwita mukeke, ng'ambo ya Kigoma anaitwa mgebuka. Samaki ni yule yule na maji ni yale yale, ila majina ni mawili.

Halafu nikawasimulia kisa cha meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga mji wa Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha mpaka Kigoma, ikaundwa upya na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, waliposhindwa vitani, waliizamisha wenyewe ili maadui wasiipate, lakini kwanza walipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba.

Watoto walicheka sana kusikia meli inazamishwa makusudi. Lakini nilipofika mwaka 2015 hawakucheka. Mwaka ule maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania karibu na mpaka, na Liemba ilikuwa miongoni mwa meli zilizowachukua hadi Kigoma. Mtoto mmoja akasema taratibu, "Mama alipanda meli hiyo." Wenzake wote wakageuka kumtazama. Hapo niliona kuwa historia kwao si ya kitabuni, imo ndani ya nyumba zao.

MATEMBEZI YA PILI: JIWE LA MUGERE

Wiki mbili baadaye wazazi walichanga, tukakodi basi dogo, tukatoka Jumapili baada ya Alfajiri. Tulifuata barabara ya ziwani kuelekea kaskazini kiasi cha kilomita 60, mpaka karibu na mto Mugere, si mbali na Bujumbura. Pale juu ya kilima kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Ukisimama hapo unaliona ziwa lote chini yako na milima ya Kongo ng'ambo.

Wengi hudhani hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sivyo. Walikutana Ujiji, mji wa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu uliopo leo katika mkoa wa Kigoma, mwaka huo huo wa 1871. Livingstone alikuwa mgonjwa na mali yake imekwisha kuuzwa na watu aliowaamini. Baada ya kupata nafuu, wawili hao walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini kwenda kuutazama mto Rusizi. Livingstone alitumaini kuwa maji ya ziwa yanatoka kwa mto huo kwenda kuungana na Nile. Walipofika waliona kinyume chake, kwamba Rusizi inaingia ziwani. Katika safari hiyo ndipo walipopumzika Mugere.

Niliwaeleza watoto hayo, nikadhani darasa limekwisha. Binti mmoja wa miaka minane, ambaye chuoni hasemi mpaka aulizwe, akawa anapitisha kidole kwenye herufi. Akaniuliza: "Ustadhi, hawa wawili walipiga makasia peke yao?"

Wallahi swali hilo sikuwahi kujiuliza, na jiwe lile nilikuwa nimeliona mara nyingi.

AMBAO HAWAKUCHONGWA

Hawakupiga makasia peke yao, na hawakutembea peke yao. Wazungu wengi waliofika maziwa makuu wakati ule walifuata njia ambayo misafara ya pwani ilikuwa imeshaizoea, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Burton na Speke waliliona ziwa hili Februari 1858, wakawakuta Ujiji watu wa pwani wamewatangulia. Wageni hao waliongozwa, wakapikiwa, wakatafsiriwa na kubebewa mizigo na watu weusi, na wengi wao walikuwa Waislamu wanaosema Kiswahili.

Niliwatajia watoto mmoja: Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay. Alikuwa Myao. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na alipoachwa huru akarudi Afrika Mashariki. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant hadi kaskazini ya Ziwa Victoria, kisha na Stanley mwaka 1871, na baadaye na Cameron wakalivuka bara kutoka bahari ya mashariki hadi bahari ya magharibi, safari iliyoisha mwaka 1875. Ni watu wachache mno wa karne ile waliotembea Afrika kama yeye.

Niliwatajia pia Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1874. Kama si wao, kaburi lake lisingekuwa London.

Watoto wakafurahi. Lakini palikuwa na mvulana aliyekuwa amelishika neno moja tu. Akauliza: "Ustadhi, aliyemkamata Mubarak alikuwa nani? Na sisi, babu zetu walikuwa wauzaji au walikuwa wauzwaji?"

Ndugu wazazi, niliomba tukae chini kwanza.

JIBU NILILOWAPA

Niliwaambia: walikuwa wote.

Misafara ya pwani ilileta bara nguo, shanga na bunduki. Iliondoka na pembe za ndovu, na iliondoka na watu. Wakubwa wake walikuwa Waislamu, na kulificha hilo ni uongo. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905 na kuacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Kwenye ziwa letu alikuwapo Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyeitwa Rumaliza, aliyetawala biashara ya Ujiji miaka ya 1880. Alijaribu kuingia ndani ya Burundi, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Ndiyo maana milima yetu haikupata msiba uliozipata nchi za Manyema, ng'ambo ya ziwa. Nguvu za Rumaliza zilivunjwa mwaka 1894 na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye naye katika Kongo yake aliwafanya watu watumwa wa mpira.

Lakini misafara haikuwa na mabwana tu. Ilikuwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira, wapiga makasia wa huku ziwani, wapishi, na mafundi. Ilikuwa na watu wengi wa Manyema waliotolewa kwao kwa nguvu, wakasilimu, wakajifunza Kiswahili, na baada ya kupata uhuru wao wakajiita Waungwana. Hao walioa na kuolewa, wakajenga Ujiji, wakavuka huku Rumonge na Usumbura, wakaanzisha vyuo na misikiti. Uislamu wetu wa ziwani ulienea kwa mikono ya hao kuliko kwa mikono ya mabwana wenye bunduki. Kwa hiyo katika safu moja ya swala, hapa kwetu, anaweza kusimama kitukuu cha mwenye msafara na ubavuni mwake kitukuu cha aliyefungwa katika msafara ule ule. Wakati mwingine wote wawili ni babu wa mtu mmoja.

Yule mvulana akafikiri, akasema, "Basi waliouza walikosea." Nikamwambia, ndiyo, walikosea. Na sikumjibu hivyo kwa kuwafurahisha watu wa nje. Dini yetu imefanya kumwacha mtu huru kuwa ni ibada na kafara ya madhambi, imetenga fungu la zaka kwa ajili hiyo, na Abu Bakr (R.A) alitoa mali yake kumkomboa Bilal. Imepokewa katika Bukhari kwamba mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Wale wa Manyema walikuwa watu huru walalao majumbani mwao. Waliowavamia usiku walikuwa na misahafu ndani ya masanduku yao, na hawakuifuata.

MZAZI ALIYENIKASIRIKIA

Tuliporudi habari zilifika majumbani. Jumanne baada ya Ishaa mzazi mmoja alinisubiri mlangoni. Akasema: "Ustadhi, sisi tunasemwa vya kutosha. Mtoto wangu akienda shuleni anaambiwa Waswahili ni watu wa utumwa. Na wewe unamfundisha maneno hayo hayo?"

Simlaumu. Ana haki ya kuumia, kwa sababu neno hilo linatumika kama jiwe la kuturushia. Lakini nilimwambia hivi: mtoto atalisikia neno hilo apende asipende. Hiari yetu ni moja tu, nayo ni nani atakayemsimulia kwanza. Akisimuliwa na anayemchukia, atapata nusu ya habari, na hatakuwa na jibu. Akisimuliwa na baba yake, atajua kuwa walikuwapo madhalimu na walikuwapo waliodhulumiwa, na kwamba yeye ni mtoto wa wote. Na Qur'ani imetutaka tusimamie uadilifu katika ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu na jamaa zetu. Tukiificha historia ili kuulinda Uislamu, tunavunja amri ya Uislamu wenyewe.

Hakunijibu. Aliaga, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alikuja kuniambia kitu. Alikuwa amemuuliza mama yake mzazi, ambaye ni mtu mzima sana, juu ya asili yao. Bibi akamwambia kuwa nyanya yake yeye alitoka Manyema. "Alikuja na nani?" akamuuliza. Bibi akajibu, "Hakuja. Aliletwa." Akasema neno hilo alilisikia utotoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza tena mpaka siku ile. Yule mzazi ana miaka zaidi ya hamsini, na hakuwa akijua. Akaniambia, "Safari ijayo niwekeeni nafasi kwenye gari."

NASAHA KWA WAZAZI

Mambo haya machache huenda yakawafaa wanaotaka kuanza, popote walipo, Uvira, Nyanza-Lac, Kigoma au kwingineko:

1. Anza na mahali pa karibu. Msikiti wa kwanza wa mji, bandari, soko la zamani, makaburi ya wazee. Mtoto mdogo hahitaji safari ndefu, anahitaji mtu mzima asiye na haraka.

2. Kuwa mwangalifu na ziwa. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huleta mawimbi makubwa, na kuna viboko na mamba. Watoto wasiingie majini bila mtu mzima anayejua kuogelea, na wasisogelee ufukwe wakati wa magharibi.

3. Panga safari kwa kufuata vipindi vya swala, na uswali pamoja nao njiani. Hilo ni somo pekee yake.

4. Usibebe kitabu cha kuwasomea. Soma wewe nyumbani, kisha simulia. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, mwende mkaulize pamoja.

5. Wachukue wazee. Bibi na babu wanayo yasiyochongwa kwenye jiwe lolote, na kila mwaka tunawazika pamoja na habari zao.

Kiangazi ni kifupi. Septemba shule zitafunguliwa, mvua zitarudi, na watoto wetu watasomeshwa historia za mbali. Hakuna ubaya wajue za mbali. Ila tuwatangulizie za hapa, na tuwape kamili, yenye fahari na yenye aibu.

Namuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awarehemu waliotutangulia, walioletwa na waliokuja, na atujaalie kuwa wasema kweli. Amin.

Wabillahi Tawfiq.